Kidari cha ng'ombe kwenye jiko la moshi: kwa nini hapa Mwanza kinagoma kulainika?

#1 Pipa Nyakato
Wakuu habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana naona watu wengi wameanza kutengeneza majiko ya moshi nyuma ya nyumba.

Jiko langu ni pipa la lita 200 lililokatwa kwa ubavu na fundi wa kuchomelea hapa Nyakato. Moto unakaa upande mmoja, nyama upande wa pili, kuna bomba la moshi na kipimajoto kwenye mfuniko. Napika kidari kizima mtindo wa Texas: chumvi na pilipili manga tu, joto la pipa nyuzi 110 hadi 125, mkaa chini na vipande vya mwembe mkavu juu yake. Rangi inakuja, gamba jeusi linashika, harufu inafika barabarani. Lakini joto la ndani ya nyama likigusa nyuzi 68 au 70 linasimama. Linakaa hapo masaa matatu, manne, halisogei. Ukiitoa hapo haitafuniki. Ukingoja lipande, sehemu nyembamba inakauka kabla ile nono haijalainika.

Dai langu: pipa halina kosa. Ng'ombe wetu hakuumbwa kwa pishi hili. Nani anabisha?

#2 Ngosha wa Misungwi
Nabisha mimi. Ng'ombe wa Kisukuma umemkosea heshima mchana kweupe. Kabla hujamlaumu zebu, yaani huyu ng'ombe wetu wa nundu, sema ulipewa zebu gani. Dume la miaka mitatu na maksai aliyevuta plau misimu yote mpaka akachoka ni nyama mbili tofauti kabisa. Kidari ni misuli ya kifuani, na ng'ombe hana mfupa wa mtulinga, kwa hiyo misuli hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili kwa mbele. Sasa ongeza nira na jembe. Unategemea nini?

#3 Mtumbwi
Naweka kambi hapa. Leteni maarifa, Jumapili nina wageni.

#4 Mpishi Pasiansi
Mkuu Pipa Nyakato, hilo la joto kusimama lisikutishe. Linawapata wote, hata huko Texas. Nyama inatoa maji juu, maji yanageuka mvuke, mvuke unaondoka na joto. Moto unaingiza, mvuke unatoa, vinakuwa sawa, kipimajoto kinaganda. Maji ya juu yakipungua joto linapanda tena. Wenzetu wakifika hapo wanaifunga nyama kwenye foili au kwenye karatasi nene la buchani ili mvuke usitoke ovyo. Foili inaharakisha lakini inalowesha gamba. Karatasi inapumua kidogo, gamba linabaki na ukavu wake.

Kwa hiyo #1 una maswali mawili umeyafunga pamoja. Joto kusimama ni jambo moja, nyama kukauka ni jambo lingine.

#5 Saanane
Mpishi, ninavyojua mimi joto linasimama kwa sababu kolajeni, zile nyuzi ngumu za kwenye misuli, zinakula joto zikigeuka jelatini, ule ute laini. Ndiyo maana linasimama kwenye 70, maana hapo ndipo zinaanza kuyeyuka.

#6 Mpishi Pasiansi
#5 hata mimi niliwahi kuamini hivyo, na wapo wanaosema ni mafuta yanayoyeyuka. Kuna mwanafizikia Mmarekani, Greg Blonder, alipima. Aliweka kwenye joto pande la mafuta matupu na sponji iliyoloweshwa maji. Mafuta yalipanda moja kwa moja bila kusimama. Sponji ikasimama kama kidari kinavyosimama. Sponji haina kolajeni hata chembe.

#7 Saanane
Sponji haina kolajeni, sawa. Lakini kidari kinayo, na kazi ya kuiyeyusha lazima ilipiwe joto. Sijakataa mvuke, nakataa kwamba ni mvuke peke yake.

#8 Mwana wa Kagera
Mnahangaika na foili wakati migomba ipo! Kwetu majani ya mgomba yanafunika chungu cha ndizi miaka na miaka. Pitisha jani juu ya moto lilegee lisipasuke, funga kidari tabaka tatu, rudisha kwenye pipa. Mvuke unabaki ndani kiasi, moshi bado unapenya kwenye mikunjo, na harufu ya jani inaingia kwenye nyama. Mimi sirudi kwenye foili tena.

#9 Daktari Mifugo
Salaam. Nimesoma mpaka #8 na hakuna aliyeuliza swali ninaloliona ni la kwanza: nyama ilichinjwa lini?

Hapa kwetu ng'ombe anachinjwa usiku, alfajiri nyama iko buchani, asubuhi iko sufuriani. Mnyama akishakufa, misuli yake inakakamaa. Kwa ng'ombe ukakamavu huo unaendelea kwa saa nyingi na unaweza kufika siku nzima ndipo uanze kulegea. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vinaanza kukata nyuzi taratibu, na kazi hiyo inachukua siku, si masaa. Kidari kinachouzwa Marekani mara nyingi kimekaa kwenye baridi wiki na zaidi kabla hakijaona moto. Sisi tunapika nyama ikiwa katikati ya ukakamavu, halafu tunamlaumu zebu.

Kata kidari, kipanguse, kiweke friji sehemu ya chini kabisa penye baridi, karibu na nyuzi 2 hadi 4, siku tatu mpaka tano. Kama umeme kwenu unakatikakatika, usijaribu. Na kama nyama ni nyeusi na inanatanata mkononi, usiilaze. Hiyo inatoka kwa mnyama aliyeswagwa umbali mrefu au aliyechoka sana kabla ya kuchinjwa, na huharibika mapema.

#10 Pipa Nyakato
Daktari, wabeja. Kweli nyama naichukua alfajiri, bado ina uvuguvugu, na saa mbili asubuhi iko kwenye pipa. Hilo la kulaza buchani hawalisemi kabisa. Muuza nyama wangu anasifu kuwa "hii imechinjwa usiku huu huu" na wateja wote tunafurahi.

#11 Mama Igoma
Jamani! Nyama ya kulala siku tano nimpe nani? Mimi nauza chakula Igoma, mteja akinusa tu kwamba nyama ni ya juzi anahamia kwa jirani. Nyama nzuri ni ya leo. Ngumu inalainishwa kwa papai bichi na tangawizi, paka, acha saa moja, choma. Mishikaki yangu hata bibi asiye na meno anatafuna. Nyie wanaume mnachoma kitu kimoja kutwa nzima, watoto wanalala na njaa.

#12 Mtumbwi
Mama Igoma kaweka msumari 😂

#13 Daktari Mifugo
Mama Igoma shikamoo. Kwa mishikaki uko sahihi, papai lina kimeng'enya kinachokata nyuzi kweli. Lakini kinaingia juu juu tu. Kwenye kipande kidogo kinatosha. Kwenye kidari chenye unene wa kiganja, juu itakuwa uji na katikati hajafika mtu. Kuhusu nyama ya kulala: harufu mbaya inatokana na joto na uchafu. Nyama safi kwenye baridi ya uhakika hainuki.

#14 Saanane
Daktari nakupinga kwa heshima. Ukakamavu ni hoja ya nguvu kwa steki inayokaa motoni dakika kumi. Pishi la masaa kumi linayeyusha kolajeni yote. Sasa ugumu wa siku ya kwanza utabaki wapi? Mbona supu ya kongoro tunaipika ya siku hiyo hiyo na inalainika?

#15 Daktari Mifugo
Kongoro liko ndani ya maji na lina kolajeni tele, halina nyama ya kukauka. Kidari kina vyote viwili. Kolajeni itayeyuka, nakubali, lakini nyuzi za nyama zilizojikunja zimeshakamua maji yake. Unapata nyama inayochanika vizuri lakini kavu mdomoni. Soma tena malalamiko ya #1.

#16 Mwalimu wa Fizikia
Wakuu, kuna jambo hamjaligusa. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa mlimani tuko juu zaidi. Maji hapa Mwanza hayachemki kwa nyuzi 100, yanachemka karibu na 96. Mapishi ya Texas yanasema toa nyama ikifika nyuzi 95. Mji wa Austin kule Texas uko mita mia moja na hamsini hivi tu juu ya bahari, kwao nyuzi 95 iko mbali kidogo na kuchemka. Kwetu iko mlangoni kabisa. Ukilazimisha 95 hapa, maji yaliyomo ndani ya nyama yanakaribia kuchemka. Sehemu nyembamba lazima ikauke. Mimi nashauri anza kuchoma mtihani wa kijiti kuanzia 90. Kikiingia bila kukwama, toa, usiangalie namba.

#17 Mpishi Pasiansi
Hoja tamu Mwalimu. Lakini Denver, mji wa huko huko Marekani, iko juu kuliko sisi, mita 1,600 na kitu, na vidari wanapika na wanakula. Kolajeni haisubiri 95. Hata kwenye 80 inayeyuka ukiipa muda. Nakubaliana nawe kwenye kijiti tu.

#18 Mwalimu wa Fizikia
Ukipika Denver kwa namba za Austin utapata nyama kavu vile vile. Sijasema haiwezekani, nimesema namba zibadilike.

#19 Kapripointi
Mmeniongezea hamu. Kidogo nje ya mada: mtindo huu wa Texas ulianzishwa na wauza nyama Wajerumani na Wacheki waliohamia kule. Nyama ambayo haikuuzika waliivuta moshi isiharibike. Duka la Kreuz Market pale Lockhart lilianza 1932 na bado lipo.

#20 Jiwe Bismarck
#19 sahihisho: Kreuz Market ni 1900. La 1932 ni Black's, na lenyewe liko Lockhart hapo hapo. Pia kidari hakikuwa kipande cha sifa tangu mwanzo. Kilikuwa cha bei ya chini kwa sababu ya ugumu wake. Hapo ndipo ninapoupenda mtindo huu, umeanzia kwa watu waliotaka kuheshimu kila sehemu ya mnyama.

#21 Kapripointi
Asante kwa sahihisho mkuu.

#22 Moshi wa Mwaloni
Nimechelewa, nilikuwa na mzigo wa sangara. Mimi nimekulia kwenye moshi, familia yetu inabanika samaki, na mzigo mkubwa unapitia soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwenda mpaka Congo. Kwa hiyo naomba niseme kuhusu moto, maana hapo juu mnaongelea nyama tu.

Kwanza upepo. Huku pwani ya ziwa mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Pishi la masaa kumi na mbili linakutana na pepo zote mbili. Ukiwasha alfajiri umeelekeza tundu la hewa upande mmoja, ikifika saa nane mchana tundu hilo hilo linapulizwa kama mvukuto. Kipimajoto cha kwenye mfuniko hakikwambii, kinapima hewa ya juu, nyama iko chini. Pipa linaweza kuwa nyuzi 120 juu na 150 kwenye wavu upande wa moto. Sehemu nyembamba ikikaa upande huo itakauka, awe zebu au ng'ombe wa mbinguni. Kwa hiyo geuza pipa, au weka kizuizi cha bati jeusi, na nyama nono ielekee moto.

Pili kuni. Mwembe ni mzuri ukiwa mkavu hasa. Ukiwa na utomvu, moshi wake unawasha macho na koo, na wapo watu unawadhuru zaidi. Mpera ni bora kuliko mwembe kwa maoni yangu, moshi wake mwembamba na mtamu. Msonobari usiuguse, utomvu wake unaacha masizi machungu. Mkaratasi, yaani mkaratusi, hata samaki hatumpi. Moshi mzuri hauonekani sana, una ubuluu kwa mbali. Ukiona mweupe mzito unatoka bombani, hapo unaipaka nyama uchungu.

#23 Mwana wa Kagera
Naongezea: mti wa kahawa. Wakipogoa mashamba Karagwe vipande hivyo hupatikana. Ni mgumu, unawaka taratibu, moshi wake una heshima.

#24 Mama Igoma
Moshi wa Mwaloni, hilo pipa lako la samaki ukipikia nyama si itanuka sangara?

#25 Moshi wa Mwaloni
Itanuka mama. Mapipa yetu ya samaki ni ya samaki tu.

#26 Fundi Chuma
Kwa kuwa mapipa yametajwa: kabla hujakata pipa, uliza lilibeba nini. Lililobeba kemikali au dawa za kilimo liache kabisa, hakuna kuchoma kunakolisafisha. Lililobeba mafuta ya kula ndilo zuri. Hata hilo lipige moto mkali likiwa tupu na wazi mpaka rangi yote iondoke, kisha lisugue. Usikubali fundi akuwekee wavu wa waya uliopakwa zinki, ile ya kung'aa ya uzio. Zinki ikipata joto kali inatoa mvuke wa sumu. Nondo nyembamba au chuma cheusi kinatosha.

#27 Dada Buswelu
Naomba kuuliza. Mara ya mwisho nilipopika hivi, shemeji alikataa kula. Kulikuwa na mstari wa waridi chini ya gamba, akasema nyama ni mbichi. Nilimwonyesha kipimajoto, hakuamini.

#28 Mpishi Pasiansi
Dada, huo mstari ni sifa. Gesi za moto wa kuni zinashikana na maioglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu, na rangi inabaki hata nyama ikiiva. Mwambie shemeji aangalie ulipo: nyama mbichi huwa nyekundu katikati, huu uko pembeni tu.

#29 Dada Buswelu
Asante sana. Leo ataniheshimu.

#30 Ngosha wa Misungwi
Narudi kwa zebu wangu. Mmesema moshi, upepo, vimo vya milima, lakini hamjasema mafuta. Kidari cha Texas ni cha ng'ombe aliyelishwa nafaka miezi kadhaa, mafuta yameingia mpaka ndani ya nyuzi, na kipande kizima kinafika kilo tano mpaka saba. Zebu wa kuchungwa, hasa kiangazi, mafuta yake yako juu na tumboni. Kidari chake ni chembamba. Unakipikaje kwa saa zile zile za kipande kinene?

Dawa ipo hapa hapa Usukumani. Tafuteni ng'ombe aliyenenepeshwa kwa mashudu ya pamba na pumba. Tuna pamba, tuna mashudu, na wafugaji wanaonenepesha kwa miezi mitatu wapo Shinyanga na Mwanza. Mnyama ni zebu yule yule, lakini kidari chake kinakuja na utando wa mafuta mnene kama kidole. Mwambie muuza nyama jioni, kabla hajachinja, maana akishafika kwenye gogo na shoka hakuna kidari kizima tena, kuna mchanganyiko.

#31 Saanane
Hapo kwenye shoka umesema kweli tupu.

#32 Jiwe Bismarck
Mbona tunang'ang'ania kidari? Zebu ana kitu ambacho Angus, yule ng'ombe wa nyama wa Kizungu, hana: nundu. Wabrazili nao wana zebu wengi, nundu yao wanaiita cupim, wanaipika taratibu masaa mengi na ni chakula cha heshima. Mafuta yamepita ndani ya nyama yenyewe, haikauki kirahisi. Hiyo ndiyo nyama ya jiko la moshi kwa Kanda ya Ziwa. Kidari tuwaachie wenye nacho.

#33 Ngosha wa Misungwi
Jiwe Bismarck umenigusa moyo. Ila nundu ni moja kwa ng'ombe, na wazee hawaiachii kirahisi.

#34 Mtumbwi
Sasa mimi wa Jumapili nishike lipi? Jani la mgomba, friji, mpera, au nundu?

#35 Mama Igoma
Shika mishikaki, mwanangu.

#36 Moshi wa Mwaloni
Mtumbwi, lolote utakalochagua usilikate likitoka tu motoni. Lifunge, lilaze saa moja au mbili. Sisi tunalo kasha la barafu la samaki, lile lenye kuta nene: likioshwa vizuri na kukauka, bila barafu, linatunza joto vile vile. Nyama inatulia, maji yanarudi kwenye nyuzi. Na ukikata, kata kukatiza nyuzi. Kidari kina misuli miwili iliyolaliana na nyuzi zake hazielekei upande mmoja, kwa hiyo ukifika nusu lazima ugeuze kisu. Nimeona nyama laini kabisa ikiitwa ngumu kwa sababu ya kisu.

#37 Pipa Nyakato
Wakuu nimeandika yote daftarini. Bado sijaridhika kwamba si ng'ombe, lakini Daktari na Moshi wa Mwaloni wamenitikisa. Nafikiria kupika vidari viwili kwa pamoja, kimoja cha usiku ule ule na kingine kilicholala friji siku nne, pipa moja, mpera mmoja.

#38 Saanane
Jaribio zuri, lakini ng'ombe wawili ni majibu mawili. Ngosha atasema mmoja alikuwa maksai.

#39 Ngosha wa Misungwi
Nitasema, na nitakuwa na haki.

#40 Daktari Mifugo
Ng'ombe mmoja ana vidari viwili, cha kushoto na cha kulia. Chukua vyote alfajiri moja. Cha kushoto kipike siku hiyo, cha kulia kilaze siku nne kisha kipike kwa moto ule ule na kuni zile zile. Pima uzito kabla na baada, tujue kila kimoja kimepoteza maji kiasi gani. Na angalia mhuri wa ukaguzi kabla hujalipa.

#41 Mwalimu wa Fizikia
Vipande viwili siku mbili tofauti, upepo utakuwa ule ule? Moshi wa Mwaloni hapo unasemaje?

#42 Moshi wa Mwaloni
Hautakuwa. Aje apikie kwangu, kibanda kina kuta pande tatu. Mama Igoma alete kachumbari.